Chupa Iliyovunjika Mlangoni mwa Zahanati

Ndugu zangu wa kanisa la Mlandege, kamwene, na jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii. Mimi ni mjane, mkulima wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni. Leo mnaniona nimenenepa, lakini mwaka juzi mngeniona mngeanza kuchonga jeneza.

Tumbo lilinitesa miaka miwili. Lilichoma hapa chini ya kifua, nikila natapika. Mnajua desturi yetu, mgonjwa wa tumbo huenda zahanati na chupa yake tupu ya dawa. Basi napanga foleni, daktari anaiona chupa, anauliza, "Tumbo tena, mama?" Naitikia. Anajaza dawa nyeupe, natoka. Simlaumu, ndugu zangu. Alikuwa peke yake na foleni ilifika barabarani.

Dawa ikiisha, maumivu yanarudi. Nikaanza kumtazama wifi yangu kwa jicho baya, nikiamini ndiye anayeniloga. Nikakataa chakula chake, nikawakataza wanangu wasicheze na wanawe. Mungu anisamehe.

Siku moja nikatapika kitu cheusi kama kahawa. Wifi huyohuyo akanishika mkono hadi zahanati. Mlangoni nikaanguka, na chupa ikavunjika. Daktari akatoka, akakuta hakuna cha kujaza. Akaniinua, akanikalisha, akavuta kigoda akakaa mbele yangu. Kwa mara ya kwanza! Akauliza linauma saa ngapi, nakula nini. Akanilaza, akanibonyeza tumbo taratibu. Halafu akasema, "Mama, kuna dawa nyingine unameza nyumbani?"

"Za kichwa tu, daktari, za dukani. Mbili kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Tangu nifiwe, kichwa hakiniachi."

"Unameza tumbo tupu?"

"Ndiyo. Chai nakunywa nikirudi."

Akavua miwani. "Nisamehe, mama. Miaka miwili yote nimekuwa nikitibu chupa."

Vidonge vile vilikuwa vimenichimba vidonda ndani, wala mimi sikuwahi kuvitaja. Siku hiyohiyo alinituma hospitali hapa Iringa, tukapanda lori la vitunguu, wifi akanipakata njia nzima kama mtoto. Nilikaa wodini wiki tatu. Vidonge nikaviacha, nikapona.

Ndugu zangu, miaka ile hata Mungu nilimwomba hivyohivyo. Namnyooshea chupa, ajaze, niondoke zangu. Sikumwambia kilio changu cha ujane, wala chuki niliyomfugia wifi. Wewe uliyeumia, leo usiharakishe. Keti mbele zake umweleze yote, maana yeye hana foleni. Mimi namshukuru, amenisikiliza hadi mwisho.

Na wewe wifi yangu, usijifiche huko nyuma. Simama, watu wakuone.