Nyuki wa Buluu Niliyemwandika Kijani: Kumuaga Bwana Respicius Rwegoshora

Bwana Respicius Rwegoshora anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya kutunza makusanyo ya wadudu ya maabara yetu hapa Guangzhou kwa miaka ishirini na sita, miezi tisa na siku ishirini na saba. Kamati ya sherehe iliandika miaka ishirini na saba. Aliirudisha rasimu ikiwa na alama nyekundu, kwa hiyo hesabu mnayoisoma ni yake.

Alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, akaja China kwa ufadhili wa masomo mwaka 1993. Alianza kazi tarehe 1 Septemba 1998, na tangu siku hiyo hakuna droo iliyofunguliwa bila yeye kujua. Alikuwa akibandika unywele mmoja kwenye ufa wa kila kabati kabla ya kwenda kula. Akirudi, huukagua kwanza, kisha ndipo atusalimie.

Hata sokoni hakubadilika. Wauza nguo wa Shisanhang walimjua. Akitokea tu mlangoni, wengine walisema “meiyou”, yaani hakuna, kabla hajauliza kitu, maana angegeuza kila koti nje ndani na asinunue hata moja. “Anayekuuzia kwa haraka ana sababu,” alipenda kusema.

Tulimwona mtu wa shaka kupita kiasi. Mimi, ninayetunza stoo na kupokea mizigo, nilikuwa wa kwanza kumcheka, mpaka siku shaka ilipogeuka ikamwelekea yeye.

Tarehe 9 Januari 2023 nilipokea kasha la nyuki wa okidi waliokaushwa kutoka Amerika Kusini. Hao ni nyuki wanaong'aa kama bati jipya, na wengi wao ni wa kijani. Kulikuwa na kisanduku kidogo chenye madume watatu, na karatasi ya Kichina iliyotaja rangi yao. Jioni niliandika katika shajara yangu: “Madume watatu, kijani.” Kisha ukaja Machi, msimu ambao kuta za mji huu hutoa jasho na nguo hazikauki.

Jumanne, tarehe 18 Aprili, Elinami, mwanafunzi wetu wa uzamivu kutoka Moshi, alifungua kisanduku kile akapiga kelele hadi stoo nikamsikia. Nyuki walikuwa wa buluu. Aliamini amepata spishi mpya. Profesa Liang, mkuu wetu, aliuliza walikuwa na rangi gani walipofika. Nami, kwa fahari ya mtu anayeandika kila kitu, nikaleta shajara yangu.

Hapo mambo yakaharibika. Inajulikana kuwa nyuki wa aina hii akinyonya unyevu rangi yake huweza kuhama. Profesa akahitimisha kuwa Bwana Respicius aliacha kabati wazi wakati wa jasho la Machi na kuharibu sampuli. Alimpa onyo la mwisho kwa maandishi, na akaagiza wale watatu watupwe ifikapo mwisho wa mwezi. Kosa moja zaidi, na mzee angeondoka bila sherehe kama hii.

Hakugombana na mtu. Alikuja stoo, akasimama mbele ya meza yangu, akauliza: “Dada Kawira, uliandika kwa macho au kwa karatasi?”

Nilijibu kwamba karatasi ilisema “qing”, na qing ni kijani, kila mtu anajua.

“Kila mtu nani? Mtaje jina.”

Jumamosi, tarehe 22 Aprili, alinipeleka Shahe, kwenye maduka ya nguo za jumla. Alimwomba mama mmoja mwenye duka, laoban mwenye ulimi mkali, amwonyeshe blauzi za rangi ya qing. Mama yule alitupa mezani blauzi tatu: moja ya kijani, moja ya buluu, ya tatu karibu nyeusi. Nikamwambia achague qing ya kweli. Alinitazama kama mtu aliyekuja kumpotezea asubuhi. “Zote qing! Unanunua au hununui?”

Ndipo nilipojua kuwa shajara yangu, niliyoiamini kuliko kumbukumbu, ilikuwa imemshuhudia mtu uongo. Nilinunua ile ya buluu kwa aibu. Jumatatu niliandika barua kwa Profesa kukanusha maneno yangu, nikaitia tarehe, naye akaahirisha kuwatupa nyuki.

Barua haikumtosha Bwana Respicius. Hakuniamini nilipokosea, na hakuniamini nilipotubu. Alichukua nyuki wa kijani wa kawaida, akamfungia siku tano na pamba mbichi. Akageuka buluu. Akamkausha, akarudi kijani. Kisha akawakausha wale watatu kwa siku tano mbele ya Elinami na Profesa. Walibaki buluu, kama shingo ya tausi. Baada ya hapo ndipo Elinami aliporuhusiwa kuwaweka chini ya hadubini, akaona vishungi vitatu vya nywele kwenye mguu wa kati, pale ambapo jamaa zao wana viwili.

Onyo lilifutwa tarehe 8 Mei. Maelezo ya spishi mpya yalichapishwa mwaka uliofuata, na nyuki huyo akapewa jina la Respicius. Mwenyewe alisoma rasimu mara nne kabla ya kukubali, akishuku kuwa wamekosea herufi. Walikuwa wamekosea. Kwenye kisanduku hakuandika tena rangi kwa neno la lugha yoyote. Aliniomba blauzi yangu, akakata kipande cha ukubwa wa ukucha, akakichoma kwa pini kando ya lebo.

Mzee Respicius, asante kwa kutushuku sote sawasawa. Tunakuombea afya na utulivu huko Kamachumu, mizinga yako ya nyuki ijae asali, na mtu asikuuzie kitu kwa haraka. Zawadi yako ni koti kutoka Shisanhang. Muuzaji alisema ni qing. Ni la buluu: nimelitazama mara mbili, dirishani, kwa macho yangu.