Shati la Mikono Mirefu la Fundi Telesphory

Hakuwa na kiwanja. Hakuwa na ndugu upande huu wa ziwa. Hakuwa na cheti chochote zaidi ya karatasi yake ya ukimbizi. Na hakuwa na shati la mikono mifupi, hata moja.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Telesphory tunayemkumbuka leo, fundi wa boti za mbao mwaloni Kibirizi, pale boti zinapoegeshwa. Alivuka ziwa kutoka Baraka, ng'ambo, mwaka 1996, vita vilipoingia kwao. Yeye na mkewe Verediana wakapanga chumba Katubuka.

Telesphory aliugua ngozi tangu ujana. Viwiko vyekundu, magamba meupe yasiyokwisha kupukutika. Kila asubuhi alijipaka mawese, akavaa shati lake, akafunga vifungo mpaka kwenye viganja. Ugonjwa ule hauambukizi. Nasema tena, hauambukizi. Lakini watu waliwahi kumhama kwenye sinia la ugali, naye hakusahau.

Mwaloni walimtania. "Fundi, jua lote hili! Unakwenda kuoa?"

"Nikioa, shemeji, wewe ndiye utakayepika."

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 1998, kifua kilimbana. Verediana akamkokota hadi zahanati moja kule Gungu.

"Shikamoo mzee. Kunja mkono wa shati nikupime presha."

"Marahaba, binti yangu. Mimi nina kikohozi tu."

Muuguzi akabembeleza. Mkewe akabembeleza. Fundi alikishika kifungo cha shati kwa vidole viwili, hakukiachia. Wakarudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi.

Juma lililopita alianguka kando ya boti aliyokuwa akiiziba nyufa. Hospitalini, shati likakatwa kwa mkasi. Daktari akaitazama ile mikono.

"Mama, kwao yuko mwingine mwenye ngozi hii?"

"Baba yao alikuwa nayo. Alianguka shambani ameshika kifua, tukasema amerogwa. Na mdogo wake huyu mume wangu, Leonardi, anayo."

"Wenye ugonjwa huu, mioyo yao huwa hatarini kuliko ya wengine. Na hao ni damu moja. Huyo mdogo apimwe mapema."

Jioni ile ile Telesphory alifariki.

Leonardi yuko wapi? Hatujui. Alibaki Baraka. Verediana, shemeji yake, anasema naye havai mikono mifupi. Sasa vita vimerudi, na hakuna wa kumfuata.

Verediana, pole sana, mama. Sisi sote wa mwambao huu tumefiwa pamoja nawe. Na wewe unayesikiliza, mwenye ngozi kama hiyo, au ambaye baba yako alikuwa nayo: unamficha nani? Kunja mkono, wakupime.

Jana Verediana alimwandikia Leonardi. "Shemeji, kubali kukunja mikono ya shati, wakupime. Kaka yako alikataa." Hakuwa na gundi, akaifunga bahasha kwa uji wa muhogo. Juu yake aliandika: Leonardi, fundi cherehani, Baraka, au popote alipo. Nahodha mmoja, ambaye boti yake marehemu aliiziba mwezi uliopita, akaitia mfukoni, akasukuma boti majini kuelekea ng'ambo.