Wendelin Kinunda, Aliyetoka Nje ya Chumba cha Usaili

Sogeeni jamani, mlioko kule kwenye kahawa njooni karibu, mama zangu wa jikoni tulizeni masufuria kidogo, mtoto anayelia apewe titi, tunyamaze sote tumsikie Wendelin. Mimi ni Albina, dada yake, darasani sikukaa, maneno haya nimeyasema kwa mdomo wangu, mwalimu wetu ameyaandika na ndiye anayewasomea.

Marehemu Wendelin Kinunda alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1948 hapa Mapera, siku ya mtakatifu wake, ndiyo maana padri hakuhangaika kutafuta jina, akiwa mtoto wa tatu, nyuma ya kaka Bartholomayo na mimi. Alisoma hapa hapa Mapera kuanzia 1957 hadi 1964, mwaka 1968 akapata ukarani kwenye ushirika wa kahawa Mbinga mjini, mwaka 1985 akahamia halmashauri ya wilaya, akasoma kozi za utawala, na tarehe 1 Julai 1996 akawa afisa utumishi. Tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na Katarina, binti wa kijiji cha Ukata, wakajaliwa Margareta mwaka 1976 na Cuthbert mwaka 1980.

Sasa mnajua wenyewe, kwetu Wamatengo wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwenye sengu, kila nyumba inaleta chakula chake, na mambo yote ya ukoo yanasemwa hapo. Miaka mingi hapo ndipo kazi za serikali zilipojulikana, mtu wa ofisini akinawa mikono anasema kuna nafasi ya mlinzi, kuna nafasi ya tarishi, na kabla ugali haujaisha kazi imeshapata mwenyewe. Mwaka 2003, ulipofika utaratibu kwamba kazi itangazwe wazi, apewe aliyeshinda usaili, asibaguliwe mtu kwa kabila wala dini wala kwa kuwa mwanamke, Wendelin akaacha kusema habari za kazi kwenye sengu. Nafasi ya mpiga chapa ikabandikwa hadi sokoni Mbamba Bay, kule ziwani Nyasa, kaka Bartholomayo akaipata habari kwa mama muuza usipa, wale dagaa wa ziwani.

"Jana tumemega ugali bakuli moja, na hukusema!"

"Kaka, tangazo liko ukutani, na Dastan anajua kusoma."

Dastan, mtoto wa kaka, akaomba, akaomba pia Hafidha, binti wa Bakili mwenye duka kule Mbamba Bay, akiwa na ujauzito mkubwa. Siku ya usaili, tarehe 12 Agosti 2003, Wendelin aliwaambia wenzake wa kamati ya usaili kwamba mmoja wa waombaji ni mtoto wa kaka yake, akatoka nje akaketi kwenye benchi, wakaendelea bila yeye. Walimwita mara moja tu, mmoja wao alipouliza, "Huyu wa ziwani kazi anaiweza, lakini kwa tumbo lile si mwezi ujao ataomba likizo?" Akajibu, "Akiomba atapewa, ni haki yake, tangazo lilitaka mpiga chapa," akarudi kwenye benchi. Kazi akapata Hafidha. Dastan mwenyewe alinisimulia huku akicheka, "Shangazi, mimi bado naitafuta herufi ya pili, yule dada anageuza karatasi!"

Kaka hakucheka. "Mlango ulikuwa mkononi mwako, ukachagua benchi," alimwambia mbele ya wote, "sasa ukale na hao Wanyasa wako." Tangu jioni ile chakula cha Katarina kilirudi kutoka sengu kama kilivyokwenda, na kwetu hilo ni zaidi ya tusi, maana asiyeliwa chakula chake hana neno kwenye mahari, hana neno kwenye mpaka wa shamba, hata akifa haijulikani nani atambeba. Katarina alilia, "Baba Margareta, nisipeleke tena." Yeye akasema, "Wewe peleka, kuacha ni juu yao." Akapeleka mwaka mzima na zaidi.

Oktoba 2004 Asteria, binti wa kaka, muuguzi, aliomba kazi kwenye zahanati moja huko ziwani, watu wakasema huyu katoka milimani, akiona maji tu anatetemeka, lakini wakafuata utaratibu ule ule, akashinda, akapewa. Siku aliyokuja kuaga, Katarina aliweka bakuli lake kwenye sengu akageuka kuondoka, kaka akanawa, akamega hapo kabla ya kwingine kote, akasema, "Maharage haya yamepungua chumvi," na wengine wakafuata. Samahani hakuomba, na Wendelin hakumdai. Katarina alinikimbilia jikoni, anacheka na machozi yanamtoka, "Wifi, kalalamikia chumvi!"

Januari 2006 presha ilimpanda, mkono na mguu wa kushoto vikafa ganzi, akalazwa Mbinga, akarudishwa nyumbani, na Jumapili tarehe 7 Mei 2006, wakati wa misa ya kwanza, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mapera na Mpepai waliochimba kaburi kwenye matope, wafanyakazi wenzake wa halmashauri, na Hafidha na mzee Bakili waliotoka nyumbani kabla hatujapeleka hata ujumbe. Aliyembeba mbele, mmemwona, ni kaka Bartholomayo.

Lala sasa, mtoto wa mama, Mungu akutulize, na sisi tunakuja.

Asubuhi hii sengu imekaa, na ilivyoamua ni hivi: Katarina anabaki na nyumba yake, asisogezwe na mtu, Cuthbert amepewa baiskeli na nafasi ya baba yake ya kukaa kwenye sengu, na shamba la kahawa, ambalo wengi walisema ni la mtoto wa kiume, limekuwa la Margareta, maana kaka aliuliza ni nani anayelipogoa na kulipalilia, na Cuthbert mwenyewe ndiye aliyejibu, "Dada."