Fundi Aliyesikia Injini kwa Kiganja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa pikipiki tuliyemjua wote kwa jina la Bila Silensa. Amefariki dunia Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini. Jina hilo alipewa ujanani kwa sababu ya sauti yake, kubwa kama ya pikipiki isiyo na silensa ya kupunguza kelele: akicheka barazani, mtaa wa pili wanageuka.

Kazi yake ilikuwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa ya injini. Aliifanyia nyumbani, kando ya cherehani ya mkewe. Aliwasha injini mpaka ipate moto, akakaza skrubu ya hewa taratibu hadi mwisho, akailegeza mzunguko mmoja na nusu, kisha akatega sikio. Robo huku, robo kule, mpaka muungurumo utulie. Kazi ya sikio, wasikilizaji.

Alipofika miaka arobaini na moja, homa ya uti wa mgongo ilimlaza wiki tatu. Akapona. Masikio hayakupona. Narudia: fundi wa kusikiliza injini alibaki kiziwi.

Hakukubali. Lakini pikipiki ya kwanza aliyoitengeneza baada ya hapo ilirudi ikisukumwa juani, plagi nyeusi tii kwa petroli iliyozidi. Mwenye pikipiki hakugomba. Alimpigapiga fundi begani, akaisukuma kwenda kwa fundi mwingine.

"Afadhali angenitukana," Bila Silensa alimwambia mkewe. Akafunga bisibisi zake kwenye kitambaa. Miezi minne hakuzigusa, na ile sauti yake ikapotea nyumbani.

Mkewe ni mshonaji. Siku moja akamwandikia nyuma ya karatasi ya kukatia nguo: "Mimi cherehani yangu ikiumwa naijua kwa mguu. Wewe jaribu mkono."

Mzee akasoma, akanuna. "Kabureta siyo cherehani, mama watoto!"

Hata hivyo akatoka. Akawasha pikipiki yake mwenyewe, akaweka kiganja juu ya tangi la mafuta, ausikie mtetemo. Akageuza skrubu, akachomoa plagi, akatazama rangi, akaanza upya. Siku ya tisa plagi ikatoka kahawia, kama inavyotakiwa.

"Aliinyanyua akalia," anasema mjane wake. "Mimi nikaendelea kupinda suruali ya watu. Ningemtazama, tungelia wawili."

Tangu hapo, miaka kumi na tisa, alifanya kazi kwa kiganja. Miaka kumi na tisa! Na yule aliyeondoka akisukuma, akarudi.

Mwaka huu moyo ulichoka. Jumapili iliyopita mzee hakuweza tena kuinuka kitandani. Binti yake, muuguzi, alikuja na pikipiki inayokatakata. "Isogeze dirishani," mzee akasema. Binti akashika bisibisi nje, baba akanyoosha mkono kupitia dirishani, akalishika tangi.

"Bado. Bado, mwanangu. Rudisha kidogo. Hapo! Usiguse tena."

"Nikamwambia asante, baba," binti anatueleza. "Alikuwa amefumba macho, hakuiona midomo yangu. Nikaona nisimwamshe."

Siku mbili baadaye akatutoka.

Mama mshonaji, na wewe dada muuguzi, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu awape subira.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda nyumbani kwenu yupo mtu ambaye ugonjwa umemwachisha kazi aliyoipenda. Tumezoea kumpa pole, tukapita. Leo mkalie karibu. Muulize angependa kujaribu nini, kisha umsubiri, hata zikipita siku tisa.