Jalada la Joka

Kwenye treni ya asubuhi, fundi cherehani alikumbatia kitabu chenye picha ya joka kama mtu aliyebeba mayai. Nesi mstaafu aliyeketi mkabala naye akacheka. "Mwanangu, na utu uzima huo bado unasoma habari za majoka? Mimi siku hizi ni vitabu vya dini tu, na maisha ya watu."

"Joka ni la nje tu, mama," fundi alinong'ona. "Ndani ni kitabu cha wazazi walioasili watoto. Nimekivisha fotokopi ya jalada la kitabu cha binti yangu, asije akakigundua. Ana miaka kumi, na hajui kwamba sikumzaa."

"Mwambie. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nitamwambia nikimaliza. Sura ya mwisho inafundisha pa kuanzia."

"Pa kuanzia ni mdomo, si sura. Haya, nisomee basi."

Fundi akafungua. Joka lilikuwa linatema moto juu ya ngome. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu: majoka matupu. Akakumbuka meza ya asubuhi, vitabu viwili vinavyofanana, na haraka zake. Akamkumbuka binti yake, yuko nyumbani kwa likizo, msomaji asiyeweka kitabu chini mpaka kiishe.

Treni ikasimama. Hakikuwa kituo chake, lakini alishuka akikimbia.