Historia ya Mzee Mkubwa Ishaka, na Sangara wa Nafasi ya Saba

Shauri Namba Tatu la Mwaka 2023, Kuhusu Samaki Mmoja Aina ya Sangara Aliyeonekana Akitoka Majini Katika Nafasi ya Saba na Hakuonekana Akirejea: hilo ndilo jina kamili la shauri, kama lilivyoandikwa na kamati ya Chama cha Wavuvi wa Bwawa la Kilnhouse, huko Great Barr, pembeni mwa Birmingham, na marehemu aliagiza lisomwe kabla ya tarehe yake ya kuzaliwa, kwa maelezo kwamba kuzaliwa kila mtu huzaliwa, lakini kufunguliwa shauri na Waingereza kwa sababu ya kitoweo si jambo linalomfika kila mtu.

Ndugu, jamaa, majirani na wageni wote mliotoka makaburini mkaja moja kwa moja ukumbini hapa, viatu vikiwa bado na udongo, familia inawasomea kama ilivyoagizwa.

Marehemu Mkubwa Ishaka Haidari alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956, Ngamiani, Tanga, akiwa mtoto wa sita na wa mwisho wa Mzee Ishaka Haidari, muuza vyombo vya bati, na jina alipewa la babu yake mzaa mama, ndiyo maana maisha yake yote alikuwa Mkubwa aliye mdogo wa wote, mfupi kuliko dada zake, na huku Uingereza kila ofisi mpya aliyoingia ilimwomba athibitishe kwamba hilo ni jina na si cheo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tanga kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari mpaka 1974, akafaulu vizuri Jiografia, na kwa Jiografia hiyo aliweza kutaja maziwa yote makuu ya Afrika kwa mpangilio wa ukubwa bila kuwa ameliona hata moja, wala kuogelea hakujua, si wakati huo wala baadaye. Mwaka 1975 aliajiriwa karani wa stoo katika shamba la mkonge, kazi aliyoifanya mpaka alipokuja Birmingham tarehe 2 Februari 1989, baridi ikiwa kali, akiwa amevaa makoti mawili na yote ya kuazima.

Tarehe 12 Agosti 1984, Jumapili, alifunga ndoa na Bi Aida, binti wa Bi Mwanamkasi wa Chumbageni, na kuanzia siku hiyo alimheshimu mama mkwe wake kwa heshima ya zamani, yaani hakumtazama usoni, hakubishana naye, hakuuliza alichobeba wala anakokwenda, na akila chakula cha mkono wake hakubakisha. Walijaaliwa watoto wawili, Saleha, aliyezaliwa Tanga mwaka 1986 na sasa ni mhasibu, na Haidari, aliyezaliwa hapa mwaka 1991, ambaye Kiswahili anakisikia chote na anakijibu chote kwa Kiingereza.

Kuanzia mwaka 1994 hadi alipostaafu mwaka 2021, marehemu alikuwa dereva wa basi, akipita Perry Barr kwenda Great Barr, na mwisho wa njia, mahali anapopumzika dereva, kuna bwawa, na kando ya bwawa hilo siku moja ya mwaka 1998 alimwona Mzungu amekaa peke yake kwenye kiti cha kukunja, kichwa kimeinama, anatazama maji. Akajua huyu amefiwa. Kwa kuwa hakulelewa kumpita mfiwa kama kigingi, alishuka, akavua kofia ya kazi, akamwambia kwa Kiingereza chake cha adabu, "Pole sana kwa kumpoteza," na Mzungu akajibu kwa uchungu wa kweli, "Asante, alikuwa mkubwa, nilikuwa naye pale karibu na matete, ghafla mshipi ukakatika." Marehemu aliketi kumliwaza, na alishamliwaza vya kutosha kabla hajagundua kwamba aliyepotea ni samaki. Huyo alikuwa Bwana Yarrow, katibu wa chama, na tangu hapo hawakuachana.

Alijiunga na chama mwaka 1999, akajifunza kufunga ndoana, kuchagua mnyoo na kunyamaza, na hili la mwisho Bi Aida alilishukuru kwa mshangao. Lakini katika kuendesha basi alikuwa ameona jambo lililomkaa moyoni, kwamba watu wetu hupanda asubuhi, hushuka kazini, hupanda jioni, hushuka nyumbani, mwaka hadi mwaka, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuwaonyesha kitu kizuri cha mji wanaoulipia kodi, basi alipostaafu akasomea cheti cha kuongoza wavuvi wageni, akaiomba kamati siku moja tu kwa mwaka, awape watu fimbo za kuvulia na chambo, awakalishe kando ya maji, awafundishe. Kamati ilifikiri kwa miezi kumi na minne, ikampa Siku ya Wageni kwa majaribio, kwa sharti kwamba kila samaki arudishwe alikotoka, na akikosekana hata mmoja, siku hiyo inafutwa na haiombwi tena.

Siku ilikuwa Jumamosi tarehe 16 Septemba 2023, na wengi wenu mlikuwepo. Marehemu alikuwa amewatangazia kwenye simu kwamba leo tunavua sangara, bila kufafanua, basi waliokulia Mwanza wakaja na viroba, na mmoja wao, ambaye yumo humu na hatutamtaja, alikuja na panga. Sangara wa kwanza akatoka, ana mistari yake na mapezi mekundu, urefu wa kandambili.

"Huyu ndiye sangara?" akauliza mwenye panga.

"Ndiye."

"Mama yake yuko wapi?"

Bwana Tahlil, aliyekuwa dereva mwenza wa marehemu, Msomali wa Garissa asiyekula samaki, alikuja kwa ajili ya chai, akasema, "Mkubwa, mimi nimekuja kuwashangilia tu, mnyama asiye na miguu simwamini." Marehemu alizunguka nafasi za kukalia wavuvi kando ya maji, moja hadi nyingine, suruali imeingia kwenye buti, akishika mikono ya watu kuwaonyesha namna ya kurusha, akirudia, "Acha simu, angalia boya," na Bi Aida, aliyekaa nyuma na vikombe, akasema, "Mimi boya langu naliangalia tangu mwaka themanini na nne." Watu walicheka mpaka bata wakahama. Ilikuwa siku njema, jua lilitoka bila kibali cha mtu, na kina mama wawili walioishi mtaa mmoja wa Sparkhill miaka sita bila kujuana walibadilishana namba za simu hapo hapo.

Sasa lipo neno lililoleta haya yote. Kanuni ya chama ilitakiwa isemwe kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili fasaha ingekuwa mrudishe samaki majini, lakini waliojaa pale walikuwa watu wa Tanga, na kwa watu wa Tanga majini wana wenyewe, na mama mmoja alikwisha kutamka asubuhi kwamba yeye hana kitu cha kuwarudishia majini, wasije wakamzoea. Marehemu akaona atumie neno la upole, akawa anawaambia wageni wote, "Mrudishe nyumbani."

Bi Mwanamkasi, aliyekuwa na miaka themanini na moja na amekuja Birmingham kumtembelea binti yake, alikuwa nafasi ya saba, na saa tisa alasiri alimtoa sangara mkubwa kuliko wote, mnene, wa kujaa mikono miwili, hata wa Mwanza wakasimama. Marehemu alifika, akasimama upande kama mkwe anavyosimama, macho kwenye matete, akasema, "Hongera mama, sasa mrudisheni nyumbani."

"Haya, baba," akajibu Bi Mwanamkasi, akamfunga sangara kwenye kanga, akamweka kapuni chini ya chupa ya chai, akapanda basi na binti yake, akamrudisha nyumbani.

Marehemu hakuona, kwa sababu kapu la mkwe halitazamwi. Alipomaliza kukusanya fimbo na kufika nyumbani kwake Sparkhill, alikuta nazi imeshakunwa, na kwenye sahani, kwa mistari ile, akamtambua.

Jumatatu iliyofuata kamati ilimwita, kwa kuwa mwanachama mmoja wa ng'ambo ya bwawa alikuwa na darubini na muda. Marehemu hakulala vizuri wiki mbili, maana njia zilikuwa mbili na zote zilimchoma: amtaje mama mkwe mbele ya kamati kama mwizi wa samaki, au akae kimya na Siku ya Wageni ife ikiwa na umri wa siku moja. Bi Aida alimwambia, "Baba Saleha, ukimtaja mama mbele ya Wazungu, utafute pa kulala," na Bwana Tahlil akamwambia aseme kaliwa na mbwa, ushauri ambao haukuandikwa popote. Bi Mwanamkasi aliposikia akauliza kwani samaki ni wa nani, akaambiwa ndiyo shauri lenyewe, akasema, "Basi samaki wangu nitamsemea mwenyewe."

Kikao kilifanyika Jumanne tarehe 3 Oktoba 2023, kamati watu watano nyuma ya meza, Bwana Yarrow akiuliza, Saleha akitafsiri, Bi Mwanamkasi amekaa na buibui lake safi, na marehemu akitazama dari tangu mwanzo hadi mwisho.

Bwana Yarrow aliuliza kama bibi alimrudisha samaki.

"Nilimrudisha," akasema Bi Mwanamkasi, "kama mkwe wangu alivyoniambia, neno kwa neno."

Saleha akatafsiri neno kwa neno. Bwana Yarrow akauliza kama alimrudisha akiwa hai na salama, na Saleha, ambaye Kiswahili chake ni cha jikoni, akamuuliza bibi yake kama samaki alirudi mzima.

"Mzima kabisa, na kichwa chake na mkia wake. Mimi si mtu wa kukatakata samaki njiani."

Saleha akatafsiri: mzima, kichwa na mkia. Kamati ikatazamana kwa kuridhika, mjumbe mmoja akasema angependa wanachama wa miaka mingi wawe na uangalifu kama huo, ikaandikwa kwamba samaki alirudishwa mzima kwa kufuata maelekezo, shauri likafungwa, na Siku ya Wageni ikathibitishwa kuwa ya kudumu. Marehemu aliiongoza tena mwaka 2024 na 2025, na wageni wote aliwaambia, "Mtupe bwawani," awe wa Tanga au si wa Tanga.

Mwezi Machi mwaka huu marehemu aligundulika na maradhi ya moyo, akatibiwa kwa uangalifu mkubwa, na daktari alipomkataza mambo ya kusisimua alimhakikishia kwamba yeye ni mvuvi wa sangara na hatari hiyo haipo. Hali ilibadilika mwishoni mwa Oktoba, na Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025, asubuhi, mkewe na watoto wakiwa kando yake, alifariki dunia akiwa na miaka sitini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia maelezo yake kuhusu minyoo, majirani wote wa Sparkhill, hasa Bwana Kewal wa mlango wa pili aliyewaelekeza wageni wa msiba pa kuegesha magari tangu siku ya kwanza bila kuombwa, madereva wenzake wakiongozwa na Bwana Tahlil, na Chama cha Wavuvi wa Bwawa la Kilnhouse, ambacho katibu wake, Bwana Yarrow, amekaa safu ya pili, na Saleha yuko pembeni yake anamtafsiria. Bi Mwanamkasi anatusikiliza kwa simu kutoka Tanga. Mwenyezi Mungu akurehemu, Mzee Mkubwa, akupumzishe kwa amani mahali pasipo na kamati.

Kwa agizo la marehemu, kumbukumbu za shauri zinakamilishwa hapa mbele ya katibu. Jioni ya tarehe 16 Septemba 2023 Bi Mwanamkasi alimpaka sangara chumvi na ndimu, akamkaanga, akamtia tui. Bwana Yarrow akapita kurudisha mwavuli uliosahaulika bwawani, akakaribishwa chakula, na kipande cha mgongo alikula yeye.