Fundi wa Vinu Viwili: Jérôme Namegabe, 1969–2025

Tangu Jumatano watu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, wanawasha injini zao bila kuulizwa. Mwenye kabaza, pikipiki ya abiria, anapita, mwenye jenereta ya saluni anavuta kamba, vinu vya akina mama vinaanza kuunguruma saa moja asubuhi, na hakuna sauti inayotoka upande wa pili wa uzio ikisema, "Ulishapima?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu ya Jérôme. Alimaanisha mafuta ya injini. Aliwauliza waliomjua na wasiomjua, alimuuliza padri, na kuna bibi arusi mmoja aliyeulizwa kabla hajamaliza kushuka garini. Wengi walimjibu ndiyo ili wapite. Sasa wanapita tu, na njia ile imekuwa na kimya ambacho hatujakizoea.

Jérôme Namegabe alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Kadutu, Bukavu, mtoto wa pili wa marehemu Papa Namegabe, dereva wa lori la kiwanda cha chai, na marehemu Mama Mapendo. Kaka yake, Alexis, alimtangulia kwa miaka mitano. Dada yao, Antoinette, alifuata. Watoto hao watatu walilala chumba kimoja chenye dirisha dogo lililotazama ziwa. Miaka mingi baadaye, mtu alipomuuliza Jérôme kama analikumbuka ziwa, alijibu kwamba analikumbuka, lakini anachokikosa ni Alexis akinawa mikono uani kwa sabuni na mchanga, jioni, akipiga mluzi usio na wimbo.

Alisoma shule ya msingi Kadutu kuanzia mwaka 1975, kisha akaingia shule ya ufundi mjini Bukavu, ambako alipata diploma ya Serikali katika umekanika mwaka 1988. Katika karatasi yake ya mwisho ya maendeleo mwalimu aliandika maneno mawili tu: "Anauliza sana." Papa aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia, na haikujulikana kama alifurahi au alikasirika.

Kuanzia 1989 alifanya kazi na Alexis katika gereji yao ndogo huko Bukavu. Vita vya Juni 2004 viliwatoa. Walipita Uvira, Kigoma, Mbeya na Karonga, wakafika Dzaleka tarehe 19 Septemba 2004 wakiwa na dada yao na sanduku moja la spana ambalo Alexis alilibeba kichwani katika sehemu zote ambazo gari halikupatikana. Mwaka 2006 walipata nafasi chini ya bati moja huko Area 23, Lilongwe. Hapo walitengeneza minibasi, na magari ya watumishi wa Serikali wa Capital Hill walioelekezwa kwao na madereva.

Chini ya bati hilo ndiko ubishi wao ulikokomaa. Alexis aliamini dumu la bei kubwa, lenye jina kubwa na kizibo kisichoguswa. Jérôme alisema kinacholinda injini ni namba ya uzito iliyoandikwa kwenye dumu, herufi zinazoeleza kazi ya mafuta, na kubadilisha kwa wakati. Mtumishi mmoja alileta mafuta yake mwenyewe, ameyafunga kwa taulo kama mtoto mchanga, akaketi kwenye benchi kuyalinda yasibadilishwe. Jérôme alimshukuru kwanza kwa Kichewa, kwa heshima, "Zikomo, bwana. Mafuta haya ni mazuri. Na yale ya jirani yako pia ni mazuri. Iliyoumiza gari yako ni mwaka mzima bila kuyamwaga."

"Unamfukuza mteja, petit," Alexis alimwambia mdogo wake yule bwana alipoondoka.

"Mi namwambia ukweli, mukubwa. Rangi ya dumu njo ya kuvutia macho," alijibu Jérôme, kwa ile "njo" ya Bukavu badala ya "ndiyo".

"Siku moja utakunywa chai kwenye chupa haina kizibo, eti chai ni chai."

"Nitakunywa. Ulimi wangu utajua."

Walicheka wote wawili. Wateja walikuwa wakipita pale hata bila gari bovu, kusikiliza tu.

Tarehe 12 Julai 2008 alifunga ndoa na Bénie, mshonaji, katika parokia ya Dzaleka. Gari la maharusi lilichelewa nusu saa kwa sababu bwana arusi alikuwa chini ya boneti. Bénie alimngoja akiwa amevaa gauni alilojishonea, na alipomwona anakuja akijifuta vidole alimwambia, "Ukigusa hii nguo narudi kwetu." Jérôme aliishika mikono yake nyuma mpaka mbele ya altare. Mungu aliwajalia watoto watatu: Merveille, Lévi na Bora.

Mwaka 2013 kikundi cha akina mama kumi na wanane wa kambini, Wakristo na Waislamu pamoja, walinunua kinu cha kusaga mahindi chenye injini ya dizeli, wakamwomba Jérôme akitunze. Aliacha Area 23 akarudi Dzaleka moja kwa moja. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Mauwa, mfanyabiashara kutoka Kindu, ambaye wiki ya kwanza alidai mafuta yabadilishwe kila siku kwa kuwa yalikuwa meusi. Jérôme alimweleza kwamba mafuta ya dizeli yakiwa meusi maana yake yamebeba masizi yasigande ndani ya injini. Yakibaki meupe ndipo mtu aogope. "Basi ni kama kitambaa changu cha jikoni," alisema Mama Mauwa, na hawakugombana tena juu ya hilo.

Ijumaa tarehe 14 Agosti 2015 injini hiyo iligoma ikiwa kazini. Beringi zilizobeba mhimili wake zilikuwa zimeliwa, na mhimili umeshika. Alexis aliitwa kutoka Area 23. Aliifungua, akachovya kidole kwenye mafuta, akakisugua kidole hicho kwa kingine muda mrefu. Dumu lilikuwa la bei nafuu, la namba sahihi, alilolinunua Jérôme. Akina mama walikuwa wamesimama na ndoo zao.

"Nilikwambia, petit," Alexis alisema. "Mara ngapi nilikwambia?"

"Mafuta ni ya namba ileile."

"Mbele ya hawa bamama bote, unasema tena vile?"

"Nasema vile. Weye unapenda majina, kwa sababu kazi yako haijulikane bila jina."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana uso kwa uso. Mwezi wa Novemba Alexis aliondoka kwenda Afrika Kusini. Sanduku la spana aliliacha mlangoni kwa Jérôme, limefungwa kwa kamba, bila karatasi wala salamu.

Akina mama walianza upya. Kufikia Machi 2017 walikuwa na vinu viwili vyenye injini za aina moja, na Jérôme aliomba ruhusa ambayo hakuna fundi mwingine angeiomba. Injini ya kushoto ipewe mafuta ya dumu la jina kubwa, ya kulia ipewe ya bei nafuu, namba moja, herufi zilezile, kutoka madumu ambayo vizibo vyake amevivunja yeye mwenyewe. Zote zibadilishwe mafuta kila baada ya saa mia moja. Kwa miaka mitano aliandika saa za kazi kwa chaki ukutani. Asubuhi za baridi mwezi wa Juni aliegemeza kioo cha dirisha kwenye tofali, akadondosha matone ya mafuta mbalimbali juu, akayatazama yakishuka. Vijana walikuja kushangilia tone lao kama timu ya mpira.

"Fundi," Mama Mauwa alimwambia, "sisi tunangojea unga, weye unangojea mafuta ikimbie."

"Ngoja kidogo, mama. Iko inafika."

Alichokuwa anakingoja tulikijua nyumbani. Alitaka jibu la kumpelekea Alexis.

Tarehe 9 Aprili 2022 injini zote mbili zilifunguliwa mbele ya watu. Mwalimu wa ufundi kutoka Lilongwe alileta kipimo chake, akapima beringi moja moja, akasoma namba kwa sauti. Tofauti kati ya kushoto na kulia ilikuwa ndogo kuliko unene wa unywele. Watu walipiga makofi. Mtu alisema, "Jérôme ameshinda." Yeye aliomba wakae.

Aliwaambia kwamba anachokionyesha ni kweli, mafuta mawili yaliyo sawa kwa uzito na kwa daraja yamelinda sawa, na jina halikuongeza kitu. Kisha akawaambia kwamba yale ya mwaka 2015 hayakuwa mafuta hayo. Dumu lile alilinunua kizibo kikiwa kimelegea. Asubuhi ile, alipoyamimina, aliyaona yanashuka mepesi, kama chai, hayafanani na namba iliyoandikwa. Mkono wake ulijua. Hakuacha kumimina, kwa sababu mstari wa wenye ndoo ulikuwa mrefu, na kwa sababu alitaka injini ifanye kazi mpaka Alexis aone kwamba dumu la bei nafuu linatosha.

"Kaka yangu alikuwa na haki juu ya dumu lile," alisema. "Mi nilijua siku ileile. Nimewapimisha injini miaka mitano ili nisiseme maneno haya."

Mama Mauwa ndiye aliyesema, "Mbele ya mstari nilikuwa mi, fundi. Mi njo nilikuwa nakupigia kelele ya kuharakisha." Halafu akasema, "Sasa umwambie yeye."

Lakini namba ya Alexis ilikuwa imekufa zamani. Jérôme aliulizia kwa kila aliyerudi kutoka Afrika Kusini. Wakati wakimbizi wa mjini walipoamriwa kurudi kambini mwaka 2023, alikwenda kila siku kutazama waliokuwa wakishuka kwenye malori, ingawa alijua kaka yake hakuwa Lilongwe. Alisema anatazama tu.

Mwezi wa Februari 2025 alianza kushindwa kula. Mwezi wa Aprili, Lilongwe, madaktari waligundua saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa. Alirudi nyumbani, na Bénie alimuuguza kwa uvumilivu ambao jamaa wote wanaushukuru. Mwezi wa Juni Merveille alipata namba ya Alexis kwa mshona viatu mmoja wa Durban. Jérôme alirekodi ujumbe akiwa kitandani. Ulikuwa mfupi:

"Mukubwa, ni mi. Yale mafuta niliyaona ni mepesi. Niliyamimina. Ulikuwa na haki, na ile neno nilikuambia juu ya kazi yako ni uongo. Njo ile tu."

Jibu lilichukua siku kumi na moja. "Petit. Ile siku nilisugua na kidole, nikajua mafuta ni mepesi, nikajua na weye ulijua. Nilingojea useme. Nilikuwa mujinga kungojea mbali vile. Nakuja. Papier ya kusafiria sina, lakini nakuja."

Alitoka Durban katikati ya Agosti. Kuanzia hapo Jérôme hakuuliza juu ya dawa wala maumivu. Aliuliza, "Amefika wapi?" Bénie alimjibu: amevuka mpaka. Yuko Harare. Amekwama Harare. Ameondoka. Jérôme alihesabu njia kwa vidole, akiyapanga mabasi na malori kama mtu anayeifahamu kila barabara. Siku za mwisho alitaka aketishwe akitazama mlango. Jumatano tarehe 3 Septemba 2025, saa tisa alasiri, alifariki akiwa ameketi hivyo. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Ameacha mke, Bénie. Watoto Merveille, Lévi na Bora. Dada, Antoinette, aliyeandika wasifu huu. Akina mama wa vinu, ambao leo wamevizima vyote viwili. Na kaka yake mkubwa, Alexis, ambaye karatasi hii ilipopelekwa kuchapwa Lilongwe jana mchana alikuwa Tete, akitafuta gari. Tulimngoja kadiri tulivyoweza.

Bwana amlaze mahali penye utulivu, na asiwe na la kuuliza tena.

Jérôme Namegabe anazikwa leo, Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, makaburi ya Dzaleka, mstari wa tisa, kaburi la nne kutoka njia ya miguu. Kibao chenye jina lake kimeelekezwa upande wa barabara, ili mtu anayetoka mbali aweze kulipata.